Tuwaiteje wenzetu wenye ulemavu kazini?

Juma lililopita niliingia katika ofisi moja katikati ya jiji la Nairobi, nikamwuliza bawabu alipo mhasibu niliyetaka kumwona. "Kile kiwete? Kimetoka kidogo, mzee," akanijibu kwa tabasamu. Hakuwa na nia mbaya.

Hebu tulitazame jibu hilo. Maneno kiwete, kipofu na kiziwi yana kiambishi ki-, sawa na kiti na kijiko. Wapo wanaodai kwamba Kiswahili chenyewe humgeuza mtu kuwa kitu. Dai hilo lina pengo. Kiongozi, kijana na kinyozi wana ki- iyo hiyo, na hakuna anayelalamika. Isitoshe, upatanisho wa kisarufi huwatambua wote kuwa watu: kiongozi amefika, kiziwi amefika. Anayesema "kimefika" ameiacha sarufi sanifu akaingia katika dharau.

Tatizo jingine ni kumtambulisha mtu kwa kiungo chake. "Kiwete" humaliza habari za mhasibu kabla hajafungua vitabu vya hesabu. Ndiyo maana "mtu mwenye ulemavu" hupendekezwa: mtu kwanza, hali baadaye. Wala hii si adabu tu. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kutajwa kwa namna isiyomdunisha.

Lakini tusiwe wepesi wa kufuta maneno. Tanzania kuna CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania. Wenyewe wamejiita hivyo, na wapo viziwi wengi wanaouona uziwi kuwa utambulisho wa jamii yenye lugha yake. Linalowakera ni "bubu", kwani anayezungumza kwa ishara ana lugha. Hapa kwetu, Kifungu cha 120 kinaitambua Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, sambamba na Kiswahili na Kiingereza.

Basi mwajiri wa Moi Avenue au Westlands afanyeje? Amwulize mfanyakazi mwenyewe: nikuiteje? Mara nyingi jibu litakuwa jina lake tu. Kisha aulize swali lililo ghali zaidi: unahitaji nini ili ufanye kazi yako? Jina zuri mbele ya ngazi zisizopitika kwa kiti cha magurudumu ni maneno matupu.

Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Mteremko tunaokataa kuujenga leo, kesho huenda tukauhitaji sisi.