Upepo wa Tairi Haupunguzwi kwa Ajili ya Mvua

Tairi ya pikipiki inayopita juu ya lami iliyolowa ina kazi moja inayotangulia nyingine zote: kuyaondoa maji yaliyo kati yake na barabara. Ikiyaondoa, mpira unagusa lami, breki zinashika na kona inakatika. Ikishindwa, dereva hana tena cha kuamua, hata awe na miaka 20 kazini. Ushauri wowote kuhusu safari ya pikipiki kwenye mvua unapimwa kwa kazi hiyo, na kwa kipimo hicho dawa inayopendwa kuliko zote Dar es Salaam haifai.

Dawa yenyewe inajulikana. Masika ya Machi hadi Mei, au vuli ya Oktoba hadi Desemba, haizuii misafara ya bodaboda: kuna maziko Mkuranga, kuna harusi Bagamoyo, kuna mwenzao wa kijiweni anayesindikizwa kwao Kibiti. Pikipiki 15 au 20 zinakusanyika Mbagala Rangi Tatu au Tegeta, wingu limefunga upande wa baharini, na mtu mmoja anaanza kupita tairi moja moja akibonyeza valvu kwa ncha ya ufunguo. Upepo unatoka kwa sekunde kadhaa, kidole gumba kinapima, msafara unaondoka. Swali linalowafikia mafundi kila msimu haliulizi kama jambo hilo lina maana. Linauliza upepo upunguzwe kiasi gani: robo, nusu, au mpaka tairi ibonyee kidogo. Jibu ni sifuri, na limekwisha kutolewa mara nyingi kiasi cha kuchosha.

Hoja ya wanaopunguza ni kwamba tairi laini hutanuka, sehemu inayogusa barabara inakuwa kubwa, kwa hiyo mshiko unaongezeka. Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili inasahau kwamba uzito wa pikipiki haujabadilika. Uzito ule ule ukitandazwa juu ya eneo kubwa zaidi, msukumo kwa kila sentimita ya mraba unapungua. Tairi yenye upepo wa PSI 28 inaikandamiza barabara kwa takriban kilo 2 kwa kila sentimita ya mraba. Ikishushwa hadi 18, unabaki msukumo wa kama kilo 1.3. Kwenye lami kavu tofauti hiyo huenda isionekane haraka. Kwenye lami yenye maji ndiyo inayoamua, kwa sababu maji hayapishi kwa hiari, yanasukumwa, na kinachoyasukuma ni msukumo huo huo uliopunguzwa kijiweni.

Suala hili lilipimwa zamani. Watafiti wa NASA katika kituo cha Langley, Marekani, wakiongozwa na Walter Horne, walichunguza jinsi matairi ya ndege yanavyopanda juu ya maji kwenye njia za kurukia, na mwaka 1963 wakatoa kanuni ambayo bado inafundishwa: mwendo ambao tairi inaanza kuelea unategemea kipeuo cha pili cha upepo uliomo ndani yake. Kwa vipimo vya kilomita, tairi yenye PSI 28 ingeanza kuelea karibu na kilomita 88 kwa saa. Yenye 18 ingeanza karibu na 70. Kanuni hiyo ilitengenezwa kwa tairi pana za ndege, na tairi ya pikipiki, nyembamba na yenye mgongo wa mviringo, huyakata maji vizuri zaidi, kwa hiyo namba hizo zisichukuliwe kuwa kibali cha mwendo. Kinachohamia kwenye pikipiki ni mwelekeo wake, nao hauna utata: upepo ukishuka, kuelea kunaanza mapema.

Kuna hasara ya pili, isiyohitaji hesabu. Tairi isiyo na upepo wa kutosha hubonyea katikati, kashata zake zikasogeleana, na mifereji iliyo kati yake ikafinyika. Mifereji hiyo ndiyo njia ya maji kutokea. Kwa hiyo anayepunguza upepo anadhoofisha msukumo unaoyatoa maji na wakati huo huo anaziba njia yake. Ni vigumu kubuni namna bora zaidi ya kuiharibu tairi nzima bila kuitoboa.

Mbona basi madereva wengi, tena wazoefu, wanaapa kwamba inasaidia? Sababu zipo na hazina muujiza. Tairi laini hupunguza mtikisiko, pikipiki inaonekana imetulia, na kupungua kwa mtetemeko wa mikono hutafsiriwa kuwa mshiko mkubwa. Utulivu wa usukani si mshiko. Ni mpira unaolegea tu. La pili, aliyepunguza upepo kwa kuiogopa mvua huwa amepunguza pia mwendo kwa kuiogopa mvua ile ile. Akifika salama, sifa inapewa valvu badala ya mkono uliokataa kufungua mafuta. La tatu, asiyefika salama hahesabiwi: ikisemwa kwamba fulani aliteleza Kongowe, hakuna anayeuliza tairi zake zilikuwa na upepo kiasi gani.

Imani hiyo pia haikuzuka hewani. Kwenye mchanga mwingi inafanya kazi. Anayepita njia za ndani za Kigamboni, au mitaa ya Chamazi na Mbande ambako mchanga ni wa kuzama kifundo, akipunguza upepo kidogo tairi haichimbi sana, na madereva wa maroli hufanya hivyo hivyo wakikwama. Pale shida ni ardhi inayokubali kuchimbika, na eneo kubwa la mguso ndilo dawa. Lami haichimbiki. Shida yake ni utando mwembamba wa maji, na dawa ya mchanga ikiletwa hapo inafanya kinyume. Kwenye tope laini lililolalia udongo mgumu nako haisaidii, kwa kuwa kinachotakiwa ni kashata kuupasua utando wa tope na kufika chini. Isitoshe, msafara unaotoka Chamazi kwenda Kibiti una kipande kifupi cha barabara ya vumbi na zaidi ya kilomita 100 za lami. Nani amebeba pampu ya kurudisha upepo ukishaingia Barabara ya Kilwa? Kwa kawaida hakuna hata mmoja.

Hatari mbaya zaidi imefichika ndani ya tairi. Pikipiki nyingi za kazi jijini, Boxer na TVS zikiwemo, hutumia sana tairi zenye tyubu, hasa zenye rimu za spoku. Upepo ndio unaoikaza tairi kwenye rimu. Ukipungua, na dereva akafunga breki kwa nguvu akiwa amepakia mshikaki, tairi inaweza kuzunguka kidogo huku rimu ikibaki. Tyubu inaifuata tairi, lakini valvu imebanwa kwenye tundu la rimu. Dalili ya mwanzo ni valvu iliyolala upande badala ya kusimama wima kuelekea kitovu cha gurudumu, na kila dereva anaweza kuitazama bila kifaa chochote. Mwisho wake ni shina la valvu kukatika na upepo wote kutoka kwa mara moja. Tundu la msumari humpa mtu muda wa kusogea pembeni, lakini valvu iliyokatika, hasa ya mbele, haimpi muda.

Yote hayo ni kwa pikipiki moja. Msafara unayazidisha, kwa sababu mtu mmoja aliyeshika ufunguo amezidhoofisha tairi zote kwa kiasi asichokijua, na si kwa usawa: hii ina 20, ile ina 14, nyingine ilikuwa na 22 kabla hajaigusa. Pikipiki zilizopangana karibu karibu sasa zina uwezo tofauti wa kusimama, na hakuna anayejua wa aliye mbele yake. Wa mbele akifunga breki, msafara unajua kwa kugongana.

Tahadhari moja kwa wenye pupa: kinyume cha kosa hili nacho ni kosa. Kujaza mpaka tairi iwe ngumu kama jiwe kunaifanya irukeruke kwenye mashimo na kugusa kwa ukanda mwembamba wa katikati. Namba sahihi imeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na mara nyingi kwenye kibandiko cha kifuniko cha mnyororo au cha fremu. Kwa pikipiki za kazi za aina hii huwa karibu na 25 mbele, na nyuma karibu 28 kwa mtu mmoja na 32 akiwepo abiria. Hupimwa kwa geji, asubuhi, tairi ikiwa baridi. Namba hiyo haina toleo la mvua.

Kinachoangusha pikipiki Dar es Salaam wakati wa mvua mara nyingi si hata maji mengi. Ni dakika za mwanzo za mvua, lami ikiwa bado na mafuta na vumbi la siku nyingi ambavyo havijaoshwa. Ni matope yanayosombwa kutoka barabara za mitaa hadi kwenye lami, hasa mahali maroli ya mchanga na kokoto yanapoingilia Barabara ya Bagamoyo upande wa Boko na Bunju. Ni rangi ya vivuko vya waenda kwa miguu, mifuniko ya chuma na reli zinazokatiza barabara Temeke. Vitu hivyo vyote vinakubali dawa moja: mwendo mdogo, pikipiki ikiwa imesimama wima, bila breki wala mafuta ya ghafla. Reli huvukwa ikikabiliwa karibu mraba, si kwa mshazari.

Mengine yanayofaa kufanywa ni machache na hayahitaji fundi. Tairi kipara ibadilishwe kabla ya safari. Iliyochongwa mifereji upya kwa kisu imepunguziwa mpira tu, haijafufuliwa. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania isomwe usiku wa kuamkia safari, na likitolewa angalizo la mvua kubwa, au la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa pwani, mwamvuli uliofungwa kwenye pikipiki ung'olewe, maana unageuka tanga. Kwenye daraja lililo wazi, kama la Mpiji, upepo wa ubavuni hukabiliwa kwa mikono iliyolegea na mwendo wa chini. Koti la mvua livaliwe kabla ya kulowa, lisilopepea karibu na mnyororo. Kizibao cha kuakisi mwanga kikae juu ya koti, si chini yake.

Ndani ya msafara, nafasi ya sekunde nne ndiyo ya chini kwenye mvua. Kwa kilomita 50 kwa saa pikipiki hutembea karibu mita 14 kila sekunde, na kwa makadirio ya kawaida breki zinazohitaji mita 14 kwenye lami kavu zitahitaji kama 25 iliyolowa, bila kuhesabu muda wa kushtuka. Msafara wa pikipiki 20 unaoiheshimu nafasi hiyo una urefu wa zaidi ya kilomita moja, ndiyo maana ugawanywe watano watano, kila kundi na kiongozi wake na mtu wa mwisho anayeijua njia. Waende kwa mpishano, mmoja kulia mmoja kushoto ndani ya njia yao, wala wasipangane sambamba kwa honi na mbwembwe. Wakubaliane vituo vya kusubiriana, Bunju na Kerege kwa waendao Bagamoyo, Vikindu na Mkuranga kwa waendao kusini, ili aliyebaki nyuma asijione analazimika kukimbiza. Mgeni na mwenye pikipiki dhaifu wakae karibu na mbele, mwendo upangwe kwao.

Radi ikikaribia, safari isimame na watu waingie ndani ya nyumba. Chini ya mwembe au nguzo ya umeme hapafai, na chini ya daraja la juu, Tazara au Ubungo, mahali panapozibwa na pikipiki ni njia ya magari. Matairi ya mpira hayamkingi mtu na radi; iliyopita kilomita kadhaa za hewa haishindwi na sentimita chache za mpira.

Maji yanayotembea juu ya barabara hayavukwi kwa pikipiki, hata yakionekana ya kifundo cha mguu, kwa sababu lami iliyo chini yake huenda haipo tena. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi huko Somanga, na mabasi yakakaa foleni pande zote mbili. Maji yaliyotulia, yasiyofika kitovu cha gurudumu, huvukwa moja moja kwa gia ya kwanza na mafuta yasiyokatwa. Baada ya kutoka, breki za ngoma hubanwa kidogo kidogo mwendoni hadi zikauke, kwa kuwa zikilowa hazishiki. Pikipiki iliyozimika ndani ya maji isipigwe kiki: plagi ifunguliwe kwanza, maji yatolewe kwenye chujio la hewa na kabureta, injini izungushwe bila plagi hadi iteme maji yote, kisha oili itazamwe. Ikiwa imegeuka nyeupe, imwagwe na kuwekwa mpya kabla ya kuwasha.