Kuopoa Nati Tumboni mwa Injini

Sauti yake ni ndogo: tii, kisha tii nyingine, halafu kimya. Fundi ameinama ndani ya boneti, spana ya kumi bado mkononi, na nati aliyokuwa akiifungua haionekani. Mwanagenzi aliyeketi kwenye kiti cha dereva hajui kilichotokea. Anauliza, "Fundi, nipige stata?"

"Wewe! Toa mkono kwenye huo ufunguo!"

Hakuna gereji duniani isiyolijua tukio hili, ila Gesima lina haraka yake. Katika wadi hii ya Kaunti ya Nyamira, gari ni tegemeo la kila siku. Abiria na mikungu ya ndizi hupanda Toyota Probox moja kwenda Keroka, mji ambao mpaka wa Kisii na Nyamira unaupasua, na barabara za vijijini zina lori za majani ya chai zinazokimbizana na mvua ya alasiri. Probox ikilala gereji, mwenyewe hana mapato, na dereva wake atakuwa amesimama nyuma ya fundi akiuliza kila dakika tano kama imekwisha. Hapo ndipo ushawishi wa kuiwasha tu, "tuone kama itatoka yenyewe", unapomwingia hata fundi mzoefu.

Haitatoka. Probox nyingi za lita 1.5 zinazozunguka huku zina injini ya Toyota iitwayo 1NZ-FE, yenye silinda nne na valvu 16. Kipenyo cha silinda ni milimita 75, na pistoni husafiri milimita 84.7 kutoka chini hadi juu. Ikifika juu kabisa, kwenye kingo nafasi kati yake na hedi hubaki ndogo sana, milimita moja hivi katika injini nyingi za leo. Nati ndogo inayofunguliwa kwa spana ya kumi ina unene wa milimita tano. Stata pekee, injini ikiwa haijashika moto, huizungusha mara 200 hivi kwa dakika. Maana yake, sekunde moja ya kujaribu ni nyundo tatu juu ya nati hiyo. Injini ikishika na kutulia kwenye mizunguko 700, nyundo zinakuwa zaidi ya kumi na moja kila sekunde. Pistoni ni ya alumini, nati ni ya chuma. Anayeumia anajulikana.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kuopoa ni kutoa waya wa betri, tena kabla ya kutafuta tochi.

Kazi ya pili ni kujiuliza imeangukia wapi, na hapa ndipo mafundi wazuri hutofautiana na wenye papara. Injini kwa ndani ina vyumba, na hatari ya kila chumba ni tofauti. Nati iliyoanguka nje ya injini, ikanasa juu ya gia au kwenye kinga ya plastiki iliyo chini ya gari, haina madhara kwa injini. Hii ndiyo hali ya mara nyingi zaidi, na vifaa navyo huishia huko, ndiyo maana mafundi husema spana ya kumi ndiyo kifaa kinachopotea kuliko vyote. Iliyoingia chini ya kifuniko cha valvu inaweza kuteremka kupitia matundu ya kurudishia oili hadi kwenye sampu. Huko chujio la pampu litaizuia isinyonywe, na ikilala chini kabisa inaweza kukaa muda mrefu bila kelele. Lakini ikikwama njiani, karibu na mnyororo unaozungusha kemshafti, ni balaa: mnyororo ukiruka meno, valvu na pistoni hukutana mahali ambapo hazikupangiwa kukutana. Fundi anayesema "imeshuka sampu, iache" anapaswa kuwa ameiona kwa macho yake iko sampu. Kama hajaiona, afungue. Sampu ni bolti kadhaa na gundi ya silikoni, kazi ya alasiri moja.

Njia ya hewa ina hila zaidi. Nati ikitumbukia kwenye bomba la kuingizia hewa, huenda ikalala mbele ya valvu iliyofungwa, au ikateleza kupitia iliyo wazi. Valvu hufunguka milimita chache tu, ila zinatosha nati nyembamba kupita kwa ubavu. Injini isizungushwe hata kwa mkono kabla njia hiyo haijachunguzwa, kwa sababu kila mzunguko hufungua mlango mwingine.

Na silinda yenyewe? Hapa kuna faraja moja ya kihesabu. Tundu la plagi kwenye injini hizi lina uzi wa milimita 14, na uwazi wake halisi ni kama 12 na nusu. Nati ya spana ya kumi hupita, kwa shida kidogo. Ya spana ya kumi na tatu haipiti, si kwa ubapa wala kwa ubavu. Kilichoingia kupitia tundu la plagi, kikiwa hakijavunjika wala kupondwa, kinaweza kutoka kupitia tundu hilohilo. Kung'oa hedi ndilo jambo la mwisho, na fundi anayeanza nalo anapaswa kuulizwa kwa nini.

Kifaa cha kwanza ni sumaku iliyo kwenye fimbo ya kurefuka kama ariali ya redio. Kabla ya kuitumia, chukua nati pacha, ile iliyobaki upande wa pili, uiguse kwa sumaku. Isiponata, unavua samaki asiyekula chambo. Alumini, shaba, plastiki na baadhi ya vyuma visivyoshika kutu havinaswi na sumaku. Ikinata, kuna kero moja: plagi za injini hizi ziko chini ya bomba refu la chuma, na sumaku itang'ang'ania ukuta wa bomba kila ukiishusha. Dawa yake ni kuivisha kipande cha mpira wa petroli, ikabaki wazi ncha tu. Ikifika chini kazi inakuwa nyepesi, kwa kuwa kichwa cha pistoni ni alumini na hakishindani na sumaku.

Sumaku hizi ndogo zenye nguvu za ajabu zina uhusiano wa damu na magari. Mchanganyiko wa neodimiamu, chuma na boroni ulitangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kampuni mbili, kila moja kivyake: Sumitomo Special Metals ya Japani na General Motors ya Marekani. Udhaifu wake ni joto. Za kawaida huanza kudhoofika zikipita nyuzi 80 hivi za selsiasi, na injini iliyotoka barabarani huwa na zaidi ya hapo. Iache ipoe. Dereva anywe chai.

Kisichonata huopolewa kwa njia za kizamani. Fimbo iliyopakwa girisi nzito nchani hubeba washa ya shaba vizuri. Koleo lenye kucha tatu zinazofunguka kwa kubonyeza kitufe hufaa kwa kitu chenye umbo la kushikika. Siku hizi kamera nyembamba inayochomekwa kwenye simu imemwondolea fundi ubashiri, na pengine ndicho kifaa chenye faida kubwa kuliko vyote kwa gereji ndogo.

Kigumu kuliko vyote ni kauri ya plagi iliyovunjika. Haivutwi na sumaku, ni ngumu kuliko chuma cha ukuta wa silinda, na vipande vyake ni vidogo kama mchele. Hapa plagi zote nne hutolewa, krankshafti ikazungushwa taratibu kwa spana hadi pistoni ikaribie juu, vipande vikasogezwa karibu na tundu. Ukisikia ukinzani, simama na urudi nyuma. Kisha bomba jembamba la mashine ya kufyonza vumbi huteremshwa, na kamera hurudishwa kuhakikisha. Mara moja haitoshi.

Kuna anayedhani usumbufu huu ni wa gereji za chini ya mti. Mei 2024 Toyota yenyewe iliita yarudishwe takriban magari 102,000 nchini Marekani, Tundra na Lexus LX za 2022 na 2023, kwa kuwa chembe za chuma za kiwandani huenda zilibaki ndani ya injini zikaharibu beringi. Suluhisho likawa kubadilisha injini nzima. Na katika anga, ndege ya Qantas aina ya A380 iliruka safari 34, karibu saa 300, ikiwa na kifaa cha nailoni cha mita 1.25 kilichosahauliwa ndani ya injini moja baada ya ukaguzi. Kilipatikana Januari 2024. Wachunguzi wa Australia walieleza kwamba taratibu za kutafuta kifaa kilichopotea hazikuanzishwa kabla ndege haijaruhusiwa kuruka. Sumaku isingesaidia kitu pale. Kuhesabu vifaa kungesaidia.

Kuhesabu, basi, kunawezekana hata Gesima. Kabla ya kutoa plagi, puliza hewa ndani ya shimo lake, kwa maana udongo mwekundu na nati iliyozama humo bado viko nje ya silinda. Ni plagi inayoviziba visiingie. Kifuniko cha valvu kikitoka, ziba matundu ya oili kwa vitambaa vikubwa, vyenye mkia unaoonekana, na uandike idadi yake kwenye kioo cha gari kwa chaki. Paka girisi kidogo ndani ya soketi ili nati isiachie. Tandika gunia au turubai jepesi chini ya gari, kwa sababu tope la mvua ya saa tisa humeza nati haraka kuliko injini yoyote.

Kuhusu ile nati ya mwanzo, kamera ikiisaka kwenye njia ya hewa bila mafanikio, na sampu isipotoa kitu, kungali na pahali pamoja pa kuangalia kabla ya kukata tamaa. Lala chali, fungua kinga ya plastiki iliyo chini ya injini, uitikise juu ya gunia. Humo huanguka majani makavu, klipu mbili za gari lililopita, vumbi la barabara ya Keroka, na mara nyingi spana ya kumi iliyotafutwa tangu mwezi uliopita.