Askari na Dawa za Huzuni

Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humwumbua. Msemo huu unawahusu sana ndugu zetu wa jeshi na polisi. Askari amefunzwa kuvumilia njaa, mvua na risasi, na kwa ajili hiyo huona haya kutamka kwamba moyo wake umelemewa. Lakini maradhi ya huzuni, ambayo siku hizi huitwa sonona, si woga wala si uvivu. Mgonjwa hukosa usingizi, chakula humchukiza, mambo aliyoyapenda hayamfurahishi tena, na hali hiyo humkaa kwa muda wa wiki mbili au zaidi. Wengine hufikia hata kuyatamani mauti.

West Nile haikukosa mambo ya kuulemea moyo. Mwaka 1980 vita viliwakimbiza watu wengi hadi Sudan na Zaire. Tena, tangu vita vya Sudan Kusini vilipozuka Desemba 2013, na hasa baada ya mapigano ya Juba ya Julai 2016, wakimbizi walimiminika na kupokewa katika makazi ya Rhino Camp na Imvepi. Alindaye mpaka hushuhudia mengi ambayo hawezi kuyasimulia nyumbani.

Dawa zipo, nazo zilizaliwa kwa sadfa. Mwaka 1952, waganga wa New York waliokuwa wakitibu kifua kikuu kwa iproniazidi waliona wagonjwa wao wakichangamka. Miaka michache baadaye Roland Kuhn wa Uswisi aligundua nguvu ya imipramini. Kisha ikaja amitriptilini, na baadaye fluoksetini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1987. Hizi mbili za mwisho zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Mtego wa kwanza ni huu: maudhi ya dawa huanza siku zile zile za mwanzo, bali nafuu hukawia wiki mbili, nne au zaidi. Basi mgonjwa huona kwamba dawa inamwongezea taabu tu, akaitupa siku chache kabla haijaanza kumfaa.

Amitriptilini hukausha kinywa, hufanya choo kuwa kigumu, hutia ukungu machoni, huzuia mkojo na huweza kuongeza uzito. Mtu akisimama ghafla hushikwa na kizunguzungu. Na katika gwaride chini ya jua kali la Arua, hilo si jambo dogo. Tena huleta usingizi, na ndiyo sababu huamriwa aghalabu imezwe usiku. Asubuhi uzito huo waweza kuwa bado haujaondoka, na mtu wa namna hiyo hafai kuendesha gari wala kushika zamu ya ulinzi mpaka mwili wake uizoee dawa.

Fluoksetini haileti usingizi kiasi hicho, bali huleta kichefuchefu, kuumwa na kichwa, wasiwasi na kukesha. Liko na jambo ambalo wanaume hulimeza kimya: hamu ya unyumba hupungua. Mke hudhani kuna mwanamke mwingine, mume huona aibu kueleza, na vidonge huishia jalalani. Kumbe mganga akiambiwa huweza kupunguza kipimo au kubadili dawa.

Lipo pia onyo zito zaidi. Mwaka 2004 wakuu wa dawa wa Marekani walitahadharisha kwamba dawa hizi huweza kuzidisha mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana. Mwaka 2007 wakaliongeza onyo hilo hadi wenye umri wa miaka 24, hasa mwanzoni mwa matibabu. Kuruta wengi wako katika umri huo, na mikononi mwao mna bunduki. Kwa hiyo, enyi makamanda, askari aliyeanza dawa na apewe kazi isiyo ya silaha kwa muda, bila dhihaka na bila kumvunjia heshima. Mkimwadhibu kwa kusema kweli, mwenzake atanyamaza. Vidonge navyo vitunzwe na mke au ndugu anayeaminika, kwani amitriptilini ikizidi kipimo huudhuru moyo vibaya.

Waragi huzidisha usingizi wa dawa na huichochea huzuni yenyewe. Mairungi hufukuza usingizi ambao mgonjwa anauhitaji na kuuendesha moyo mbio. Wala asiache dawa ghafla kwa kuwa ameona nafuu. Kizunguzungu, hasira na kukesha humrudia, na ugonjwa huweza kurejea. Dawa huendelezwa miezi kadhaa baada ya kupona, kisha hupunguzwa kidogo kidogo kwa amri ya mganga, si kwa shauri la muuza duka.

Si kila mwenye majonzi ahitajiye vidonge. Aliyefiwa hulia, na kilio hicho si ugonjwa. Tena mazungumzo nayo ni dawa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2020 juu ya wanawake 694 wa Sudan Kusini waliokuwa Rhino Camp ulionyesha kwamba mikutano mitano ya mafunzo ya kukabili mashaka, ikifanywa kwa vikundi, ilipunguza dhiki zao.

Zamani aliyesikia habari za maradhi ya akili alifikiri Butabika tu, hospitali iliyofunguliwa karibu na Kampala mwaka 1955. Leo Hospitali ya Rufaa ya Arua ina idara yake ya maradhi hayo, na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 imechukua nafasi ya ile iliyoanzia enzi za ukoloni.

Ndugu askari, unapokwenda kwa mganga usimfiche neno. Mweleze kazi yako, silaha uichukuayo, kileo unachokunywa na dawa nyingine unazotumia. Umwulize maudhi gani yatakuja na yatakwisha lini. Kisha umwambie mwenzako mmoja unayemwamini, ili siku utakapozidiwa awepo mtu wa kukutambua.