Je, Wajua? Medali ya Kipchoge Ilitoka kwenye Simu Mbovu

Dhahabu ya medali aliyotwaa Eliud Kipchoge kwenye marathoni ya Olimpiki, Agosti 2021, iliwahi kukaa ndani ya simu na kompyuta zilizotupwa. Ndivyo zilivyokuwa medali zote za Tokyo, kama 5,000 hivi.

Kuanzia Aprili 2017 hadi Machi 2019, Wajapani walikusanya tani zipatazo 79,000 za vifaa vidogo vya umeme, pamoja na simu za mkononi milioni 6.2. Kutoka kwenye lundo lote hilo ikapatikana dhahabu kilo 32 tu, na fedha kilo 3,500. Zilitosha, kwa sababu medali ya dhahabu, tukisema kweli, ni ya fedha: ina uzito wa gramu 556 hivi, na dhahabu iliyopakwa juu inazidi kidogo gramu 6.

Vifaa vingi havina bahati hiyo. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika hata robo. Nyingine husafirishwa ng'ambo kwa jina la mitumba, kumbe ni vifaa vilivyokufa kabisa. Huko nyaya huchomwa moto ili shaba itoke, na moshi wake huvutwa na wachomaji wenyewe.

Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, unaosimamia usafirishaji wa taka kutoka nchi moja hadi nyingine, kwa muda mrefu uliibana zaidi taka yenye sumu. Tangu Januari 1, 2025, nchi wanachama zinatakiwa kuomba kibali cha nchi inayopokea hata kwa taka ya kielektroniki isiyo na sumu, kabla meli haijang'oa nanga.