Harufu ya Mkono Wako Haimfukuzi Paka

Nimeulizwa tena, safari hii kwa simu ya saa tatu usiku. Paka wa nyumbani amezaa darini, mtoto mmoja amepenya kwenye ubao uliooza akaangukia sebuleni, na tangu alasiri amelala palepale juu ya vigae. Familia nzima imemzunguka na hakuna aliyenyoosha mkono. “Daktari, tukimshika, mama yake si atasikia harufu ya mtu amkatae? Tunasikia wengine hata huwala.”

Mshikeni. Mlitakiwa kumshika alasiri ileile.

Mtoto wa paka huzaliwa na uzito wa gramu 100 hivi. Haoni, hasikii, na la hatari zaidi, hawezi kujitia joto. Katika wiki ya kwanza hata kutetemeka kwa baridi hajaanza. Joto lake hulipata kwa kulala tumboni mwa mama na kubanana na ndugu zake, basi. Msomaji wa Tanga au Mombasa ataniambia kwao hakuna baridi. Sakafu ya saruji usiku ina baridi ya kutosha kumuua kiumbe wa gramu 100. Mwili ukipoa, utumbo huacha kufanya kazi, nguvu ya kunyonya humwishia, na mwisho hunyamaza. Hapo ndipo ulipo mzizi wa maneno yote haya, kwa sababu mama paka humtafuta mwanawe aliyepotea kwa kufuata kilio. Aliyepoa halii, na hata akikutwa hanyonyi. Mama humlamba kidogo, akiona haitikii humwacha na kurudi kwa walio na joto. Asubuhi jirani anasema, mnaona, kakataliwa. Ni kweli kaachwa, lakini kilichomponza ni kuachwa sakafuni saa zote zile na watu waliodhani wanamsaidia.

Imani hii haifi kwa sababu imeshikilia vitu ambavyo watu wameviona kwa macho yao, wakavisoma kinyume.

La kwanza ni kuhama. Umechungulia kabatini, umewashika watoto, kesho yake hawapo. Unasema harufu. Lakini paka huhamisha watoto hata pale ambapo hakuna binadamu aliyewagusa. Huhama viroboto wakizidi, mbwa akipitapita, au shume akianza kuzungukazunguka, maana shume huweza kuua watoto. Huhama tena watoto wakifika wiki ya tatu au ya nne na kuanza kutambaa. Huwabeba mmoja mmoja kwa ngozi ya ukosi, na mtoto akibebwa hivyo hulegea kabisa asimsumbue njiani. Ukipita katikati ya safari hizo utawakuta wawili peke yao uvunguni, na utakimbilia kusema wametupwa. Kama ni wewe uliyemhamisha, basi ni mwanga wa simu yako, kelele zako na kundi la watoto wa mtaa uliokwenda nalo. Harufu yako anaijua. Kila jioni anajisugua miguuni pako ili harufu zenu zichanganyike. Isitoshe, mama anayebeba wanawe mdomoni mmojammoja kuwapeleka mahali salama hajamkataa hata mmoja.

La pili ni kula. Baada ya kuzaa, mama hutafuna kitovu, hula kondo la nyuma na kulamba damu yote. Mtu akichungulia dakika hiyo ataona mdomo wenye damu na kwenda kutangaza alichodhani ameona. Mtoto aliyezaliwa mfu, au aliyefia hapo siku ya pili, naye huweza kuliwa, na kiota kikabaki safi, kisicho na harufu ya mzoga ya kuwaita siafu na mbwa. Wapo kweli mama wanaoua watoto wazima. Nikiwachunguza naona mama aliyekonda kwa njaa, mwenye homa na chuchu zilizovimba usaha, mzazi wa mara ya kwanza, au aliyefungiwa penye fujo bila njia ya kutoka. Hayo yote yana tiba. Lakini mwenye paka akishashikilia habari ya harufu, hamleti mama kutibiwa. Anawalaumu watoto wake kwa kugusa, na mama anaendelea kuumwa.

Kama harufu ngeni ingetosha kumfanya paka amkane mtoto, majike wa Forodhani au wa vichochoro vya Lamu wasingeweza kulea pamoja kama wanavyolea. Majike wa ukoo mmoja huweza kuweka watoto wao kiota kimoja na kunyonyesha bila kuchagua wa nani ni wa nani. Sisi madaktari wa mifugo tunaitegemea tabia hiyo. Yatima akiokotwa, akashikwashikwa na mikono kadhaa na kusafirishwa kwenye boksi la kaniki na magazeti, tunamweka kwa jike mwingine anayenyonyesha, na mara nyingi baada ya kumnusa na kumlamba, jike yule humpa chuchu. Harufu ya mtu na ya paka mgeni kwa pamoja zimeshindwa kumzuia.

Upo pia utafiti. Katika miaka ya 1980 Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia, alilinganisha watoto wa paka walioshikwa kila siku kuanzia wiki ya tatu, walioanza kushikwa wiki ya saba, na wasioshikwa. Walioanza mapema walikuwa wapole zaidi kwa watu kuliko wenzao. Kati ya wiki ya pili na ya saba ndipo paka hujifunza kwamba binadamu si adui, na muda huo ukipita ni kazi kuurudisha. Kwa hiyo nyumba inayokataza watoto wa paka kuguswa inakuza paka mwitu ndani ya ua wake, kisha miezi sita baadaye inaniuliza kwa nini paka huyu anaparura watu.

Na sasa hiyo dawa ya “kuondoa harufu”. Wapo wanaomwosha mtoto wa siku mbili kwa sabuni kabla ya kumrudisha. Wengine humpaka majivu au mafuta. Naomba muache, jamani. Maji humpoza haraka kuliko sakafu. Sabuni huondoa ile harufu ya kiota ambayo mama na ndugu wanamtambulia, yaani inaleta hasara ileile mliyokuwa mnaiogopa. Majivu yanaingia puani na kwenye mapafu. Mtoto aliyeshikwa kwa mkono mkavu, safi, hahitaji kuondolewa chochote. Wanaonyunyizia dawa ya unga ya kuku au ya kuogeshea ng'ombe ili kuua viroboto nao wanaua paka, kwa sababu ini la paka haliwezi kuvunja baadhi ya sumu hizo, na mama huzilamba zote. Viroboto wa mtoto mchanga huondolewa kwa kitana chenye meno ya karibu.

Sisemi mkawachezee. Siku tatu za kwanza mwacheni mama na utulivu wake, mshike mtoto pale tu penye haja. Jike wa mtaani asiyewajua muangalieni kwa mbali.

Basi, ukimkuta mtoto peke yake fanya hivi. Mguse: akiwa na joto, tumbo mviringo, msafi na ametulia, mama yupo karibu. Ondoka, nyunyiza unga wa ngano kidogo kuzunguka mahali hapo, rudi baada ya saa mbili tatu uangalie nyayo. Akiwa wa baridi, mtie kifuani ndani ya nguo au karibu na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, taratibu, hata saa nzima, na usimpe chochote mdomoni kabla hajapata joto. Kisha mrudishe kiotani. Aliyezaliwa leo arudi upesi zaidi, maana dang'a humfaa siku ya kwanza tu. Kiota hakifikiki? Mweke kwenye boksi lenye ukingo mfupi chini yake, zima taa, mama atafuata kilio.

Mama amekufa au hajarudi: tafuta jike anayenyonyesha. Hakuna? Nunua maziwa ya unga ya watoto wa paka kwenye duka la dawa za mifugo, au mpigie daktari akupe kipimo cha mchanganyiko wa dharura. Maziwa ya ng'ombe matupu hayafai. Maziwa ya paka yana protini zaidi ya mara mbili, na yale ya ng'ombe humharisha mpaka akaukiwe maji. Mnyonyeshe kila saa mbili au tatu usiku na mchana akiwa amelalia tumbo, kamwe si chali, maziwa yasiingie mapafuni. Baada ya kila mlo msugue chini ya mkia kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, kwani bila kusuguliwa hakojoi wala hapati choo hadi karibu wiki ya tatu. Mpime kila siku kwa mizani ya jikoni: aongezeke gramu 10 hadi 15. Asipoongezeka siku nzima, mlete.

Mama mpe chakula mara kadhaa kwa siku na maji wakati wote. Akitetemeka au kupepesuka wakati wa kunyonyesha, huo ni upungufu wa chokaa mwilini, usingoje asubuhi. Anaweza kupata mimba nyingine kabla hajamaliza kunyonyesha, hivyo mfungie ndani mbali na shume, na watoto wakishaachishwa na maziwa kukauka mlete afungwe kizazi. Akikuuma au kukuparura akitetea watoto, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama paka ni wako.