Fahamu: Shangingi jipya limebadilika nini?

Ukisimama Iguguno, kwenye barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, hukosi kuyaona mashangingi yakipunguza mwendo hadi 50, kisha yakakanyaga tena kuelekea Mwanza.

Mengi ni Land Cruiser 200, toleo la mwaka 2007. Mrithi wake, 300, alizinduliwa Juni 2021, na kubwa lililozua mjadala ni kuondolewa kwa injini ya V8. La dizeli sasa lina V6 ya lita 3.3 na turbo mbili: torki Nm 700, wakati V8 ya lita 4.5 ilitoa 650. Gia zimefika 10, uzito umepungua takriban kilo 200.

Waliohamia 300 husifu wepesi wake, hasa linapochomoka kulipita lori. Wanachokikosa ni mngurumo (na tuseme ukweli, mngurumo ule ulikuwa nusu ya ukubwa wa bosi).

Kwenye makorongo halijapoteza asili: chesisi imara ipo, na ekseli nzima ya nyuma pia. Wasiwasi wangu ni umeme wake mwingi. Taa ya injini ikiwaka, fundi wa spana peke yake hatoshi. Inatakiwa mashine ya kupima, na hiyo mara nyingi iko mjini.