Je, Wajua? Wavu Humlinda Mtazamaji kwa Kulegea

Mpira wa besiboli una gramu 145 hivi, kama theluthi ya uzito wa mpira wa soka. Usiudharau. Ndani una kiini cha koki kilichozungushiwa nyuzi za sufu, nje umeshonewa ngozi, na mpigaji akiukosea kidogo tu huchomoka pembeni kuelekea jukwaani. Septemba 2017, katika Yankee Stadium jijini New York, mpira kama huo ulimpiga usoni mtoto wa kike ukiwa na kasi ya karibu kilomita 170 kwa saa. Kwa kasi hiyo, aliyeketi mita 25 kutoka kwa mpigaji ana nusu sekunde tu, na nusu ya muda huo huisha kabla mkono haujaanza kuinuka. Msimu wa 2018 ulipoanza, timu zote 30 za ligi kuu ya Marekani zilikuwa zimerefusha nyavu zao.

Siri ya wavu ni umbali. Mpira ukisimamishwa ndani ya sentimita 50 badala ya sentimita 1, nguvu ya wastani inayohitajika hupungua mara 50. Ndiyo maana wavu haukazwi ukawa kama ubao; huachiwa nafasi ya kubonyea na kuupokea mpira.

Msomaji wa Korogwe, mwenye mashamba ya mkonge kama Ngombezi na Magoma jirani, atauliza: kwa nini si katani? Nguvu inayo. Lakini hunywa maji na kuoza mvuani, na uzi wake lazima uwe mnene, hivyo humziba mtazamaji. Viwanja vikubwa hutumia nyuzi za plastiki maalumu, nyembamba mno, zenye nguvu kuliko chuma cha uzito uleule.

Hapa Tanzania, besiboli ina uwanja wake Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam. Lakini Handeni na Korogwe mpira ni soka, na watoto hupenda kujipanga nyuma ya goli, pale pale mashuti yanapoangukia. Walimu na viongozi wa timu, wavu wa nailoni wa wavuvi unatosha kuanzia, hata uliochakaa, mradi haujachanika. Utundikeni nyuma ya goli ukiwa umelegea, kisha wasogezeni watoto mita mbili nyuma yake, kwa sababu wavu unaobonyea humfikia aliyeuegemea.